Begi dogo la kamera kwa hali ya hewa ya Mtwara: uzoefu wangu

Begi ninalotumia ni la turubai zito, bitana ya nailoni, halina jina la kampuni. Kwa ndani lina upana wa sentimita 22, unene 11 na kina 17. Limeshapita msimu mmoja wa mvua na mmoja wa korosho, likibeba kamera ya Canon 250D yenye lenzi ya 18-55 (ya kawaida), na pembeni lenzi ya 55-250 (ya kuvuta vya mbali). Kwa kazi za Mtwara mjini, Mikindani na safari za Newala linatosha, ila lina kasoro mbili.

Kabla hujaenda dukani, pima vifaa vyako. Wengi huangalia begi kwa nje tu, wakasahau kwamba sponji inakula karibu sentimita moja kila upande. 250D ina upana wa milimita 122 na kimo cha 93, na ikifungwa 18-55, kutoka mgongo wa kamera hadi mdomo wa lenzi ni karibu sentimita 13. Ukiiweka lenzi ikitazama chini, kamera inachukua sentimita 12 na ushee za upana, kizuizi cha katikati kinachukua moja, zinabaki kama nane na nusu. Lenzi ya 55-250 ina kipenyo cha sentimita 7 na urefu wa 11, hivyo inasimama wima bila kubanwa. Kikinga jua chake, ile pete ya plastiki ya mdomoni mwa lenzi, kikivalishwa kinyume, upana unaongezeka, na hapo ndipo watu hulazimisha zipu mpaka ikaachana meno. Pima vitu vikiwa vile vile utakavyovibeba, mkanda wa kamera ukiwemo.

Kubwa zaidi ya hapo sishauri, kwa sababu nafasi ikiwepo lazima utaijaza. Kamera na lenzi hizo mbili ni kilo moja na kidogo. Ongeza chaja, betri ya akiba na begi lenyewe, unakaribia kilo mbili. Mkanda wa upana wa sentimita 4 unavumilika kutwa nzima, lakini wa mbili na nusu utakukata bega kabla ya adhuhuri.

Sasa vyuma, na hapa ndipo kasoro ya kwanza. Kulabu za mkanda zina rangi ya shaba, kumbe ni chuma kilichopakwa. Nenda dukani na kisumaku kidogo: kikinasa, jua kutu inakuja, kwa maana chumvi ya huku inafika hata kwa asiyekanyaga ufukweni. Kinachokufa kwanza ni springi ndogo ndani ya kulabu. Ulimi haurudi, kulabu inabaki wazi nusu, na tuta moja la barabarani ukiwa kwenye bodaboda linatosha kuichomoa. Dawa yake ni fundi viatu: aondoe kulabu zote mbili, aushone mkanda moja kwa moja kwenye begi kwa uzi wa nailoni, mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Baada ya hapo mkanda hautoki tena.

Zipu chagua ya meno ya plastiki. Ya alumini huota unga mweupe na kukwama. Ukitoka baharini pitisha kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, anika kivulini, kisha sugua meno kwa nta ya mshumaa.

Kasoro ya pili ni velkro ya mfuniko, kile kifungo cha kunatana kinacholia kikifunguliwa. Ukiifungua wakati wa nikaha, ukumbi mzima unageuka. Isitoshe, mchanga wa Msimbati ukishaingia haishiki tena mpaka uisugue kwa mswaki mkavu.

Mabegi ya kamera hupatikana pia kwenye mitumba, na mengine yana sponji nzuri kuliko mapya. Ila pitisha kiganja ndani. Kama bitana inanata, au inanuka uchachu, lirudishe hata kama bei ni ya kutupa. Ule ni utando wa poliyurethani wa kuzuia maji, umeshaozeshwa na joto na unyevu. Hauoshwi ukaisha, na magamba yake huishia kwenye kioo cha lenzi. Sponji nayo idondoshee tone la maji: ikilinywa, mvua ikinyesha itakuwa kama sponji ya kuoshea vyombo.

Mvua yenyewe turubai haiizuii. Rambo la dharura nalo halipo tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019, kwa hiyo beba koti la mvua la begi muda wote. Kwa wanaovuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, livalishe kabla ya kupanda, usisubiri wimbi.

Kwenye bodaboda fupisha mkanda, vaa kimshazari, begi likae nyongani. Likining'inia litagonga chuma cha kubebea mizigo njia nzima.

Usiku toa kamera. Sponji hutunza unyevu, na lenzi iliyoachwa humo wiki kadhaa huota kuvu. Weka vifaa kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Punje zikibadilika rangi, zikaange polepole kwenye sufuria kavu zirudi rangi yake, lakini iwe sufuria isiyopikiwa tena chakula, kwa sababu zile za bluu zina kobalti, ambayo ni sumu.