Rivyu: Casio fx-82MS kwa wanaosoma statistiksi chuo

Kila semista ikianza madogo wa mwaka wa kwanza wananiuliza wanunue kalkuleta gani kwa ajili ya statistiksi na jibu langu halijabadilika, chukua fx-82MS, hiyo hiyo ya mistari miwili kwenye skrini ambayo wengi mmeiona tangu sekondari, na kama kaka au dada yako kamaliza chuo anayo ndani imelala, iombe, usitoe hela. Ila ngoja niiongelee vizuri, maana kuna watu wakishainunua wanaona kama wamenunua B+ dukani, halafu matokeo ya UE (mtihani wa mwisho wa semista) yakitoka ni sapu na lawama zote kwa lekchara.

Tuanze na kazi yenyewe. Unabonyeza MODE afu 2, juu ya skrini inatokea SD, hapo umeshaingia upande wa takwimu. Chukua namba tano nyepesi tu, 4, 8, 6, 5, 7. Kila ukiandika namba unabonyeza ile M+ yenye maandishi ya DT, skrini inakuhesabia n= 1, n= 2, mpaka n= 5. Ukimaliza bonyeza SHIFT 2, zinakuja tatu kwa pamoja, wastani, xσn na xσn-1, unachagua kwa namba yake afu =. Wastani inakupa 6, xσn inakupa 1.4142, xσn-1 inakupa 1.5811. Sekunde chache tu umemaliza kitu ambacho kwa mkono kinakula nusu ukurasa.

Sasa hapo ndo penyewe. Hizo xσn na xσn-1 ni standadi devieshen, yani kipimo cha namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani, na hizo mbili zinawamaliza watu kila mwaka na kalkuleta haikuambii uchukue ipi, inakutupia zote mezani inakaa kimya. Ukifanya kwa mkono unaona, toa 6 kwenye kila namba unapata -2, 2, 0, -1, 1, zipigie skwea upate 4, 4, 0, 1, 1, jumla 10. Ukigawa kwa 5 unapata 2, ruti yake 1.4142. Ukigawa kwa 4 unapata 2.5, ruti yake 1.5811. Kwaiyo ya kwanza ni pale namba zako ndo watu wote unaowaongelea, ya pili ni pale una sampuli tu na unataka kukisia mtawanyiko wa kundi kubwa ilikotoka. Na kwa nini 4? Kwa sababu ule wastani wa 6 umeutoa kwenye namba zile zile, lazima namba ziwe zimeukaribia kuliko zinavyoukaribia wastani wa ukweli wa kundi zima, jumla ya skwea inatoka ndogo kuliko inavyotakiwa, sasa kugawa kwa n-1 kunairudisha juu kidogo. Mtu aliyeifanya hii kwa mkono hata mara moja tu kwa utulivu hachanganyi tena vitufe, aliyekariri "chagua 3" anachanganya siku ya pepa swali likisema "wafanyakazi wote wa kiwanda".

Ndo maana mi naichukulia hii mashine kama kitu cha kusahihishia. Fanya swali lote kwa mkono, jedwali lako la x, x toa wastani, skwea, kila kitu, ukifika jibu ndo ushike kalkuleta. Yakilingana nenda swali linalofuata, yasipolingana rudi utafute ulipokosea, na huko kutafuta ndo kujisomea kwenyewe, sio kusoma desa lenye majibu huku unatikisa kichwa eti "hii naijua". Desa kila mtu anaijua akiwa analitazama, funika majibu uone. SHIFT 1 inakupa Σx² na Σx na n, kwahiyo unaweza kukagua hata katikati ya safari, sio mpaka mwisho, kama Σx² yako ni 190 na mashine inasema 190 basi kosa liko mbele ya hapo.

Chumbani kwetu tulikuwa na jamaa anapiga msuli kwelikweli, past pepa zote anazo, ila alikuwa anaingiza data anaandika jibu, anaingiza data anaandika jibu, usiku mzima vitufe vinalia. Test ya kwanza lekchara akaleta swali hana namba hata moja, linauliza tu kama mshahara wa bosi mmoja ukipanda mara kumi, wastani na mediani ipi itasogea na kwa nini. Jamaa akabaki anaitazama Casio.

Kitu kingine ambacho lazima ukizoee mapema ni kufuta data. Ukihamia swali la pili bila kufuta, namba mpya zinaungana na za zamani na kalkuleta haipigi kelele. Kufuta ni SHIFT, afu MODE pale palipoandikwa CLR juu yake, chagua 1 ya Scl, afu =. Njia ya kujikagua ni hiyo n, swali lina namba nane na skrini inasema n= 13, ujue za jana bado zimo humo. Na ukihisi umeandika namba vibaya usianze upya, bonyeza mshale wa chini inakuonyesha x1, Freq1, x2, unapita moja moja. Data zenye frikwensi nazo hauandiki namba ile ile mara thelathini, andika x, SHIFT na koma inatoa ile nukta mkato, andika frikwensi, DT. Hii watu wengi wanaigundua wakiwa wameshamaliza kozi, inauma.

Rigresheni, yani kutafuta mstari unaopita karibu na pointi zako zote, iko MODE 3, halafu 1 ya Lin. Unaandika x, koma, y, DT. Ukienda SHIFT 2 ukasogeza mshale wa kulia unakuta A, B na r, hiyo r inapima x na y zinavyofuatana kwenye mstari. Hapa angalia, mashine inaandika y = A + Bx, yani B ndo mteremko, wakati wengine mmezoea ax + b ya fomu foo mnageuza. Sio kosa la mashine.

Ila kuna jaribio moja nawashauri mlifanye kwa mikono yenu maana linafundisha kuliko lekcha nzima. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitoa makundi manne ya data, kila moja lina pointi 11, zimo mtandaoni bure. Ziingize moja baada ya nyingine (futa kila mara, nimeshasema). Zote nne zinatoa wastani wa x 9, wastani wa y kama 7.5, A karibu 3, B karibu 0.5, r karibu 0.816. Unaona eeh, pacha wanne. Sasa chukua karatasi uzichore. Moja ni mstari wa kawaida wenye mtawanyiko, nyingine ni mkunjo kabisa, nyingine imenyooka vizuri isipokuwa pointi moja imeruka huko juu, ya mwisho x zote ni 8 kasoro moja iliyokaa 19 na hiyo moja ndo inayoushikilia mstari wote. fx-82MS haichori grafu, haitakuonya chochote, itakupa 0.816 kwa ujasiri ule ule mara nne. Kwahiyo kwenye maswali ya rigresheni penseli inakuja kabla ya DT, hata kama swali halijasema chora.

Udhaifu wake mkubwa kwa kozi ya chuo ni kwamba haina nomo distribyusheni, ule mgawanyo wenye umbo la kengele. Ndugu yake fx-991MS ukiwa SD unabonyeza SHIFT 3 unapata P, Q na R, yani maeneo chini ya hiyo kengele, ila hii 82MS haina, lazima ufungue jedwali la Z. Wapo wanaolalamika, mi naona kwa anayeanza ni afadhali hivyo, maana jedwali linakulazimisha uchore ile kengele, utie kivuli, ujue unatafuta eneo la kushoto au la kulia au la katikati. Kuna majedwali yanaanzia katikati na mengine yanaanzia mkiani kabisa kushoto, Z ya 1.96 kwa moja utakuta 0.4750 na kwa jingine 0.9750, asiyechora kivuli anaokota lolote. Jua mapema chuo chako kinagawa lipi kwenye pepa na ufanyie mazoezi hilo hilo. Kwa upande wa bainomio uko salama, nCr (njia za kuchagua r kati ya n) ipo, 10C3 inakupa 120 fasta.

Mabano sasa. Tuseme kwa zile namba zetu tano unapima kwa testi ya t kama wastani wa ukweli ni 5. Juu ni 6 toa 5, chini ni 1.5811 gawa kwa ruti ya 5. Ukiandika 1 ÷ 1.5811 ÷ √5 moja kwa moja unapata 0.2828, ukiweka mabano chini unapata 1.414, ambayo ndo yenyewe. Kwenye jedwali la t, digrii za uhuru 4 (ile n-1), pande mbili, asilimia 5, unakuta 2.776, kwahiyo 1.414 haijafika, haukatai H0, yani ile dhana ya kuanzia kwamba wastani ni 5. Na uandike hivyo hivyo, ushahidi hautoshi kukataa, usiandike umethibitisha wastani ni 5, namba tano zitathibitisha nini jamani. Hiyo t kwanza yenyewe ilitokana na sampuli ndogo ndogo, William Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, akaichapisha 1908 kwa jina la Student. Nikiwaambiaga watu kwamba t imetoka kwa watengeneza bia ndo wanaamka kwenye diskasheni.

Sehemu ambayo hakuna kalkuleta itakayokusaidia, hata ya bei gani, ni kuchagua tumia testi ipi. Hapo dawa niliyoona inafanya kazi ni kukaa na past pepa bila kukokotoa chochote, unasoma swali, unasema tu kwa mdomo hii ni sampuli moja au mbili, ni watu wale wale kabla na baada au makundi tofauti, ni namba au ni kuhesabu waliosema ndio na hapana, basi ni Z, t, t ya jozi, au kai-skwea, unapita linalofuata. Fanyeni wawili watatu, mmoja asome mwingine ajibu, na kila mmoja aeleze kwa Kiswahili cha kawaida kabisa kwa nini. Ukishindwa kueleza kwa Kiswahili ujue ulikariri Kiingereza. Fanya kidogo kila wiki, usisubiri bumu liingie na UE iwe imebaki wiki moja.

Kununua: feki zipo nyingi tu mtaani. Jirani yangu wa hosteli aliuziwa moja kwenye duka fulani la stationari, kwa nje safi, vitufe vikawa vinagoma na ukibonyeza DT mara moja wakati mwingine inahesabu mbili. Ijaribie pale pale dukani, ingiza zile namba tano zangu uangalie n inafika 5 na majibu ni 6, 1.4142 na 1.5811, muuzaji akikunjia uso ondoka. Na betri weka mpya kabla ya pepa.

Kwa kozi ya mwaka wa kwanza ya watu wa biashara, ualimu, sosholojia, afya na kadhalika naipa nne kati ya tano. Kama unasoma uinjinia au akchuaria usihangaike nayo, nenda 991 moja kwa moja maana utahitaji matriksi na mengine mbele ya safari, ila uulize kwanza idara yako wanaruhusu ipi kwenye chumba cha mtihani.