Dawa ya sehemu mbili ya kuzuia maji bafuni: nzuri chini ya marumaru, ila usiibandikie kwa uji wa saruji

Ukiulizia dawa ya kuzuia maji bafuni kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Arusha au Moshi, unaweza kuwekewa mezani vitu vinne visivyofanana: maji ya kuchanganya kwenye plasta, lami ya baridi, rangi ya mpira ya mapaa, na seti ya sehemu mbili, yaani mfuko wa unga wa saruji pamoja na galoni la maji meupe ya polima. Tathmini hii inahusu hiyo ya nne. Kwa ukuta utakaobandikwa marumaru ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu ikikauka inaacha uso wa saruji ambao gundi inaushika. Lami haishikani na gundi ya saruji. Rangi nyingi za paa hulainika zikikaa na unyevu kila siku, na marumaru hubanduka pamoja na ngozi nzima ya rangi. Maji ya kuchanganya kwenye plasta si mabaya, yanapunguza unywaji wa ukuta, lakini plasta ikipata ufa maji hupita hapo hapo.

Kabla ya kulipa, soma mfuko. Tafuta maandishi EN 14891, kiwango cha Ulaya cha dawa za kupaka zinazokaa chini ya marumaru. Herufi CM ni za aina ya saruji, DM ni za aina inayokuja tayari ndooni. Unga uliofanya mabonge uache dukani hata ukipunguziwa bei. Usikubali pia kuuziwa unga peke yake kwa maelezo kwamba utauchanganya na maji ya bomba. Polima iliyomo kwenye galoni ndiyo inayolipatia tabaka unyumbufu na uwezo wa kuzuia maji. Bila hiyo umenunua niru ya bei kubwa.

Kiasi kinakokotoleka mapema. Chukua bafu la mita 1.5 kwa 2.4. Sakafu ni mita za mraba 3.6. Ukanda wa chini wa kuta, sentimita 30 kwenda juu, ukiondoa mlango, ni kama 2.1. Kuta za pembe ya shawa, urefu wa mita 3.3 zikipakwa hadi mita 2.1, zinaongeza kama 5.9. Jumla ni karibu 11.6. Kwa mikono miwili ya kupaka, yenye jumla ya unene wa milimita 2 hivi, dawa hizi hula kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo seti mbili za kilo 25 zinatosha. Fundi akisema seti moja inatosha bafu lote, ujue anapanga kupaka mkono mmoja mwembamba.

Ukuta wenyewe uwe plasta ya mchanga na saruji iliyosuguliwa kwa ubao, yenye wiki tatu hadi nne. Kama umepigwa niru, ichongwe mpaka uso ukwaruze, maana niru laini huachia. Pati na rangi vitoke vyote. Lowesha ukuta kidogo kabla ya kupaka, usiwe unang'aa kwa maji. Moshi, kwenye joto la Januari na Februari, ukiruka hatua hii plasta hunyonya maji ya dawa na tabaka hubaki unga.

Mimina maji meupe kwanza, kisha unga kidogo kidogo, ukikoroga kwa drili ya mwendo wa taratibu kwa dakika tatu hivi. Mwendo wa kasi huingiza hewa, na kila kipovu huwa tundu. Usiongeze maji ukiona inakaza. Mchanganyiko una kama nusu saa hadi saa moja, ukipita hapo mwaga. Kama unatumia nusu seti, pima kwa mizani.

Pembe zote, na kuzunguka kila bomba, weka utepe wa wavu wa faiba ndani ya mkono wa kwanza ungali mbichi. Dawa ishuke mpaka ndani ya mdomo wa trapu ya sakafu. Hapo ndipo panapovuja mara nyingi zaidi. Mkono wa pili upakwe kukatisha wa kwanza, baada ya saa kadhaa. Juni na Julai Arusha, kwenye baridi, acha mpaka kesho yake. Ikishakomaa kwa muda ulioandikwa mfukoni, ziba trapu, jaza sakafu maji ya sentimita 3 na yakae saa 24.

Sasa marumaru, na kazi nyingi huharibikia hapa. Uji wa saruji uliozoeleka hutegemea ukuta unyonye maji yake. Ukuta uliopakwa dawa haunyonyi, na marumaru za poselini karibu hazinywi kabisa. Uji husinyaa katikati, na baada ya muda ukigonga unasikia mlio wa utupu. Nunua gundi ya saruji yenye alama C2TE, yaani iliyoboreshwa, isiyoteleza ukutani na inayochelewa kukauka, na kwa vipande vikubwa iwe na S1 (inayonyumbuka) pia. Hesabu kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba. Ipake kwa mwiko wenye meno ya milimita 8 au 10, mistari ielekee upande mmoja, na mgongo wa kigae upakwe pia. Bandua kimoja kila baada ya muda uangalie: bafuni gundi ifunike asilimia 95. Gundi ikiwekwa kwa mabonge matano nyuma ya kigae, nafasi kati yake ni vyumba vya kuhifadhia maji, na baadaye chumvi nyeupe hutoka kwenye viungo.

Ubao wa kuanzia mstari usipigiliwe misumari kwenye ukuta uliopakwa. Uegemezwe kwa vipande vya mbao kutoka sakafuni. Kabla ya grauti ya kujaza viungo, subiri siku mbili hadi tatu, kwa sababu gundi imefungiwa pande zote mbili. Pembe zijazwe silikoni ya kuzuia ukungu. Grauti hupasuka hapo.

Kasoro ya dawa hii ni gharama na subira, na haiokoi ukuta unaoendelea kupasuka kwa sababu ya msingi. Pia kila tundu la drili la kufunga shawa au kishikio hulitoboa tabaka. Lifyonze vumbi, lijaze silikoni, ndipo usukume plagi ya skrubu ikiwa bado mbichi.