TAHADHARI: Sindano za kupungua zinazouzwa magrupu ya Mwanza

Wana-Mwanza, huyu dada wa sindano za kupunguza mwili anayezunguka kwenye magrupu ya vikoba na ya harusi, mwogopeni kama ukoma. Mwenzetu mmoja, msomi, alimnunulia sindano hizo akapewa dozi mara tano ya inayotakiwa. Ila wanaocheka "msomi mzima anatapeliwaje" wasome hapa alivyotapeliwa.

Dada huyo alifika Igoma mchana kweupe, koti jeupe, mizani mkononi. Akapima uzito, akapima urefu, akapiga hesabu ya BMI (kipimo cha unene) mbele ya macho: kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ikatoka 33. Hesabu sahihi kabisa. Akaeleza kwamba dawa ni semaglutide, ile iliyomo kwenye Ozempic, sindano ya kisukari inayopunguza pia uzito, inaanza 0.25 mg mara moja kwa wiki, wiki nne, ndipo unapanda 0.5. Hata hilo ni kweli, madaktari ndivyo wanavyoianza. Nani asingeamini? Matapeli wa siku hizi wanasoma kipeperushi cha dawa kuliko sisi wateja.

Sasa ona alipoharibu. Akatoa kichupa cha unga kilichoandikwa 10 mg, akatia maji mililita 2, akachukua bomba la insulini na kusema: "Dozi yako ni 0.25, kwa hiyo vuta mpaka 25." Lahaula! Miligramu 10 kwenye mililita 2 ni miligramu 5 kwa kila mililita. Bomba hilo lina yuniti 100 kwa mililita, basi yuniti 25 ni robo mililita, yaani 1.25 mg. Mara tano ya dozi ya kuanzia, siku ya kwanza! Ilitakiwa yuniti 5 tu, na kwenye bomba la mililita moja ambalo vistari vinaruka mbilimbili, 5 inaangukia katikati ya vistari, hata kuiona ni kazi. Na hapo tumekubali kwamba lebo inasema kweli. Nusu ya dawa hii huchukua kama wiki moja kutoka mwilini, ndiyo maana kutapika hakukomi kesho yake. Mwili unaishiwa maji, figo nazo zinaingia matatani.

Maji yenyewe yalikuwa yale ya kawaida ya kuchanganyia sindano, yasiyo na kihifadhi. Kichupa kinachochomwa wiki baada ya wiki kwa maji hayo kinaota bakteria.

Anauza na kalamu za kujichomea dawa pia. Hizo ndizo za kuogopa zaidi, maana duniani zimeshakamatwa kalamu za insulini zilizobandikwa lebo ya Ozempic. Austria mwaka 2023 watu walilazwa kwa sukari kushuka, na Juni 2024 WHO ikatoa onyo kuhusu semaglutide bandia. Ozempic halisi ukizungusha dozi, kitufe cha mwishoni mwa kalamu hakichomozi nje. Kikichomoza, usijichome. Lebo ikibanduka kwa kucha, vilevile usijichome. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hata mara moja ni ya kutupa. Huyu anazibeba kwenye mfuko wa rambo na chupa ya maji ya barafu, kwa bodaboda, jua la saa nane!

Hakuuliza ujauzito. Hakuuliza kama umewahi kuugua kongosho wala kama kwenu kuna saratani ya tezi ya shingo. Cheti cha daktari ndiyo kabisaa, anakwambia "hicho nitakupangia mimi." Hela anataka kwa simu kabla, risiti hana, ukilalamika anakublock.

Akanyee debe! Faini haitoshi, atailipa kwa wateja wawili wa Kirumba na kesho yuko Nyegezi. Wanaomtangaza kwenye magrupu kwa kamisheni nao waunganishwe kwenye kesi, wasijifanye hawajui.

Uliyekwisha kujichoma: ukitoka jasho, ukitetemeka au kuchanganyikiwa, huenda ni sukari imeshuka: kunywa soda yenye sukari (ya dayati haisaidii) na ukimbizwe hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Aliyepoteza fahamu msimnyweshe kitu. Boksi, kichupa, bomba na meseji za muamala msitupe. Vipelekeni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) hapa Mwanza na polisi, namba ya toleo ikiwa bado inasomeka.