"Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim: uzoefu wangu

Naipa albamu hii ya jazi nyota tano, na karibu zote zinatoka upande wa kwanza wa santuri. Upande huo una wimbo mmoja tu, "Mannenberg", unaopita dakika 13. Tafuta toleo kamili. Wimbo huu ukikatwa unabaki melodi tamu na basi, maana nguvu yake yote imo katika kurudiarudia.

Ulirekodiwa Cape Town mwaka 1974. Abdullah Ibrahim, mpiga piano aliyezaliwa mji huohuo mwaka 1934 na kuanza kujulikana kama Dollar Brand, alikuwa ameshatoka na kuonekana. Aliiacha Afrika Kusini mwaka 1962, Duke Ellington, nguli wa jazi wa Marekani, akamsikia Zürich na kumfungulia njia ya kurekodi Paris. Mwaka 1968 akasilimu. Kwa mpiga piano wa kiwango hicho ungetegemea vidole vinavyokimbia. Yeye amechagua mzunguko mfupi wa marabi, muziki wa vilabu vya pombe vya mitaa ya Weusi, akautulizia hapo.

Kinachoninasa kila ninapousikiliza ni mlio wa piano yenyewe. Nyundo zake zilichomekwa pini za chuma, kwa hiyo kila noti inatoka kavu, yenye ukali wa bati. Juu yake inaingia saksafoni ya tenor ya Basil Coetzee. Hana haraka hata kidogo! Anavuta sauti, anaiacha ikwaruze, anarudi palepale alipoanzia, na kila akirudi unasikia jambo ambalo mara ya kwanza lilikupita. Robbie Jansen naye yumo, kwenye saksafoni ya alto.

Manenberg, uliompa wimbo jina lake, ni mtaa wa Cape Flats, uwanda ulio pembezoni mwa Cape Town, mojawapo ya sehemu walikopelekwa watu ambao serikali ya makaburu iliwaita machotara, baada ya kufukuzwa maeneo yaliyotengewa Wazungu, kama mtaa wa District Six mjini Cape Town. Ukilijua hilo, furaha ya wimbo huu inakuwa na uzito mwingine. Hauna beti za kuimba, lakini wapinzani wa ubaguzi waliufanya wao, na naelewa kwa nini: ni watu waliong'olewa makwao wakisikia muziki wao ukipigwa kwa fahari, bila kuomba ruhusa.

Upande wa pili, "The Pilgrim", ni mzuri, ila haunishiki vilevile. Tahadhari moja: spika ndogo ya simu inalimeza besi, na besi ndiyo inayokutembeza. Tumia hedifoni. Marekani albamu hii ilitoka kwa jina la "Capetown Fringe", usije ukainunua mara mbili.

Ukishaizoea, nenda kwenye "Water from an Ancient Well" ya mwaka 1985, aliyopiga na bendi yake Ekaya. Humo ameurudia wimbo huu kwa mpangilio nadhifu zaidi. Mimi bado nauchagua ule wa 1974, wenye pini.