Uzoefu wangu: wakili wa kuuza nyumba Dar, ada yake niliiona ilikokwenda

Mwaka jana tuliuza nyumba yetu ya Tabata. Kazi yote ya kisheria tulimpa wakili mwenye ofisi maeneo ya Posta. Jina lake naliweka kapuni, maana nina ya kumsifu na nina ya kumlalamikia. Ada yake ilikuwa asilimia moja na nusu ya bei ya nyumba, mbali na kodi za serikali. Dalali aliposikia alicheka: "Mama, si tunaandikishana tu pale serikali ya mtaa, mwenyekiti anagonga muhuri, yanaisha?"

Kwa kiwanja ambacho hakijapimwa labda yanaisha, tena kwa kubahatisha. Nyumba yetu ina hati ya miaka 99, na muhuri wa mwenyekiti haubadilishi jina kwenye daftari la Msajili wa Hati. Mnunuzi alilijua hilo, ndiyo maana alikuja na wakili wake, akapendekeza tumtumie huyohuyo wote wawili ili kubana matumizi. Tulikataa kwa heshima. Mtu mmoja hawezi kukulindia wewe hela na hapohapo kumlindia mwenzako hati.

Kabla ya kumlipa wakili wetu senti tano, tulilitafuta jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama unaoonyesha kama leseni ya wakili iko hai. Leseni hizo huhuishwa kila mwaka, na kutazama ni bure. Vishoka wenye suti na mihuri ni wengi mjini, kwa hiyo usione aibu kumkagua mtu.

Hati ilikuwa kwa jina la baba watoto peke yake. Siku ya kikao wakili alimwomba atupishe kidogo, kisha akaniuliza mimi: "Mama, bei unaijua? Umeridhia? Hela inaingia akaunti ya nani?" Nilipomjibu yote ndipo akanipa fomu ya ridhaa nisaini. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini wanawake wangapi wanaletewa karatasi sebuleni na kuambiwa "weka saini hapa" bila hata kusomewa? Kwa hilo tu nilimpa alama zake mapema.

Alipopatia hasa ni kwenye kodi, na hapa nitachelewa kidogo kwa sababu madalali hawalisemi. Ukiuza nyumba unadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, na bila cheti cha TRA kwamba umelipa, uhamisho hausajiliwi. Kwa mkazi wa Tanzania kodi hiyo ni asilimia 10 ya faida, kama una vielelezo vya gharama ulizoingia. Kama huna, unatozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo, au ya thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali ikiwa ndiyo kubwa. Tuliuza kwa milioni 140. Bila risiti tungelipa milioni 4.2, na ndiyo hesabu aliyotupigia kila mtu tuliyemuuliza mtaani.

Wakili akauliza: karatasi za ujenzi mnazo? Baba watoto ni mhasibu mstaafu, hatupi kitu. Akaleta maboksi: mkataba wa kununulia kiwanja, risiti za saruji, nondo na bati, makubaliano na mafundi, hadi gharama za kuvuta umeme. Wakili na karani wake wakakaa nazo, wakazipanga kwa miaka, wakatupa zile zisizosomeka. Wakaongeza kamisheni ya dalali na ada yao wenyewe, kwa kuwa gharama za kuuza nazo zinahesabika. Jumla ikafika milioni 118. Faida milioni 22, kodi milioni 2.2. Tuliokoa milioni 2, na ada yake ilikuwa milioni 2.1. Hesabu hiyo nilimwonyesha dalali, safari hii hakucheka.

Kuna msamaha pia, kwa nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, ila faida isizidi milioni 15. Yetu ilizidi. Mwenye nyumba ndogo aliyoijenga polepole na kutunza risiti zake, aiulizie hiyo kabla ya kupanga foleni benki.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa kawaida, isipokuwa kipengele cha hati halisi. Mnunuzi alitaka akabidhiwe siku ya kusaini, akiwa amelipa sehemu tu. Wakili wetu akagoma: hati inakaa kwake, salio likishaingia ndipo itoke pamoja na fomu za uhamisho. Mawakili wawili walivutana kwenye simu hadi nikahofia mnunuzi atakimbia. Hakukimbia. Pia iliandikwa wazi nani analipa nini: kodi ya ongezeko la mtaji juu yetu, ushuru wa stempu wa asilimia 1 juu ya mnunuzi, pango la ardhi tulimalize sisi kabla ya kukabidhi. Kodi ya majengo haikuleta maneno, siku hizi inakatwa kwenye LUKU.

Sasa lawama. Fomu za ardhi, namba 29 ya taarifa, namba 30 ya maombi ya kibali na namba 35 ya uhamisho, alizijaza vizuri, lakini baada ya kuziwasilisha akapotea. Simu ikawa inapokelewa na karani, na jibu likawa moja: "Inashughulikiwa." Kumbe ripoti ya uthamini, ile ya kukadiria thamani ya nyumba, ilikuwa imerudishwa kwa kasoro kabla ya kupitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na mthamini aliyeiandaa alitafutwa na wakili mwenyewe. Hakutuambia. Tulisikia kwa mnunuzi, naye alikuwa ameshaanza kutushuku sisi. Ukikaa na hela ya mtu huku karatasi hazitembei, usingizi haupatikani.

Halafu kuna nauli na "gharama za ufuatiliaji" ambazo hazikuwemo kwenye makubaliano ya ada. Si nyingi, lakini zilikuja kwa ujumbe wa simu, kidogokidogo. Nikadai ziandikwe zote kwenye karatasi moja na risiti ya EFD. Ziliandikwa, na zikapungua.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ndugu yangu anauza Kimara mwezi ujao, nimemwelekeza kwake, kwa sharti kwamba ada iandikwe pamoja na kila gharama ya pembeni, na ajulishwe kwa maandishi faili likirudishwa popote. Wakili amekubali yote mawili.