Suzuki Jimny JB43 ikiwa vilevile ilivyotoka kiwandani: inatosha kabisa kuanzia porini

Wakuu, kila mtu akinunua fowili yake ya kwanza (gari ya 4WD, injini inazungusha tairi zote nne) swali ni lilelile, nianze na nini, niinue springi, nifunge winchi (mashine ya kujivuta kwa kebo), nitafute mkonga (bomba la kuvutia hewa juu), na kabla hajaingia hata kwenye tope la kijijini kwao ameshaacha hela ya maana kwa fundi. Mimi natumia Jimny JB43, gia za mkono, cc 1300, haina nilichobadilisha zaidi ya tairi, na njia zangu ni za huku kwetu Arusha, Monduli Juu, Oldonyo Sambu, Engaruka mpaka Ngare Sero kule Ziwa Natron. Nasema hivi: hii gari bila kuongezwa kitu ina uwezo mkubwa kuliko dereva anayeanza, kwa hiyo hela peleka kwenye tairi, kamba na pampu ya upepo, hivyo vingine utavijua umuhimu wake ukishajua kuendesha.

Tuelewane kwanza gari yenyewe ni ipi maana yadi zimejaa za kila namna. Kizazi cha tatu cha Jimny kilianza 1998 kikaenda mpaka 2018, na ndani yake kuna JB23 ya cc 660 yenye turbo, nyembamba kidogo, na kuna hii JB43 ya cc 1300 yenye injini ya M13A ambayo Wajapani wanaiita Jimny Sierra. Kuanzia 2018 ndo ikaja JB74 ya cc 1500 ile ya boksi boksi ambayo bei yake bado iko juu. Kwa anayeanza mimi nachagua JB43, haina turbo ya kukusumbua na oili, na injini yake mafundi wengi wanaijua.

Sasa kinachoifanya iwe gari ya porini kweli siyo urefu wake. Ina chesesi ya chuma chini kama lori, ina ekseli nzima mbele na nyuma, na ina ile gia nzito ya 4WD-L. Hivi vitatu ndo vya kuulizia yadi. Kuna gari nyingi tu ziko juu, zimeandikwa 4WD nyuma, lakini gia nzito hakuna, RAV4 kwa mfano ni gari nzuri sana ya barabara ya vumbi lakini kwenye mteremko wa mawe inabidi uishi kwenye breki. Na ekseli nzima faida yake utaiona siku ya kwanza tu, tairi la kushoto likipanda jiwe ekseli inalikandamiza la kulia chini, yaani linaendelea kukanyaga ardhi badala ya kuning'inia. Hasara yake ni kwamba kile kichwa cha difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli) ndo kitu cha chini kuliko vyote, uwazi wake ni kama milimita 190 hivi, na hakiko katikati, kiko pembeni. Chuchumaa uchungulie ujue kiko upande gani, halafu siku ya mawe unalipitisha jiwe upande ule mwingine. Au bora zaidi panda nalo kwa tairi, jiwe usilipitishe katikati ya miguu.

Vitufe vya dashibodi ni vitatu, 2WD ya tairi za nyuma tu, 4WD na 4WD-L (za mwanzo kabisa zilikuwa na mkono wa gia badala ya vitufe). Kutoka 2WD kwenda 4WD unabonyeza hata gari ikiwa inatembea ila usukani uwe umenyooka, kwenda 4WD-L lazima usimame kabisa, ukanyage klachi, taa iache kuwaka na kuzima ndo uondoke. Na jamani, lami kavu usiweke 4WD. Hii gari haina difu ya katikati, tairi za mbele na za nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawa, kwenye kona ya lami hazina pa kuteleza kwa hiyo mzigo wote unaenda kwenye cheni na gia, unasikia gari inakuwa nzito kama imeshikwa. Ukisikia hivyo rudisha 2WD.

Kuna kitu kimoja nataka nikae nacho hapa maana watu wengi wananunua bila kukikagua. Haabu za mbele za hii gari (vile vifungo vya kuunganisha tairi na ekseli) zinafungwa kwa upepo wa kunyonywa na injini, kuna vimpira vyembamba vinatoka kwenye injini vinashuka mpaka kwenye tairi za mbele. Gari ya miaka 15 vile vimpira vinakuwa vimekauka na kupasuka, haabu haifungi, wewe umebonyeza kitufe, unajua uko kwenye fowili kumbe unaendesha tairi mbili za nyuma tu. Kwa hiyo taa ya dashibodi isikutosheleze. Unapoenda kuiangalia gari omba muitoe lami, muiweke kwenye mchanga au kifusi laini, weka 4WD-L, mwenzako asimame pembeni (pembeni, siyo mbele), wewe achia klachi taratibu ukiwa umevuta hendibreki. Tairi za mbele zikikwangua udongo, haabu zimefunga. Zikitulia huku za nyuma zinahangaika, umeshajua bei ya kuzungumza ipungue wapi. Vile vimpira vyenyewe siyo gharama kubwa, kubwa ni kugundua hili ukiwa kwenye tope.

Tuje kwenye kuendesha. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Ngare Sero ni darasa zuri sana kwa sababu ina kila kitu kwa kiasi chake, vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, mawe, rasta ndefu (vile vituta vidogo mfululizo), na makorongo yanayokata barabara. Korongo kavu lina kingo mbili kali. Unafika, unasimama, unashuka kwa miguu. Kweli shuka, tembea mpaka ng'ambo, angalia pa kukanyaga. Ukirudi weka 4WD-L, gia namba 1, ondoa mguu kwenye klachi na kwenye breki pia kadiri unavyoweza, iache injini yenyewe ishike gari, itashuka polepole mwendo wa mtu anayetembea. Anayeanza mkono wake mbaya ni kukanyaga klachi katikati ya mteremko, hapo umeiachia gari, breki zikikaba tairi zinateleza na gari inaanza kwenda ubavu. Kupanda upande wa pili ni gia 1 au 2, mafuta ya kutosha kidogo tu, bila kukurupuka. Ikizima au ikishindwa katikati usijaribu kuigeuza, weka rivasi, rudi moja kwa moja chini kwenye njia ileile uliyopandia. Jimny ni fupi, ukiikalisha ubavu kwenye kilima inapinduka.

Hii yetu haina loki ya difu (ya kulazimisha tairi mbili za ekseli moja zizunguke pamoja), na JB43 nyingi hazina ule mfumo wa breki kusaidia tairi linalozunguka bure, JB74 ndo wanao. Maana yake tairi moja la mbele na moja la nyuma la upande mwingine yakining'inia, umesimama. Kuna watu hili linawafanya wakimbilie kufunga loki, mimi kwangu ndo sababu ya kuipenda kwa kujifunzia, inakulazimisha usome njia kabla hujaingia. Ukikwama hivyo jaribu kuvuta hendibreki kidogo, meno mawili hivi, huku unaongeza mafuta taratibu, tairi la nyuma lililo hewani linakabwa na nguvu inahamia kwa mwenzake. Ikikataa rudi nyuma, chagua mstari mwingine, au jaza mawe chini ya tairi.

Tope la udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine. Ule udongo mvua ikinyesha unajaa kwenye kashata za tairi, baada ya mita chache una tairi kipara hata kama ulinunua jana. Hapo ni 4WD ya kawaida, gia ya 2, mwendo usiokatika, usisimame katikati na usikanyage mafuta kwa hasira. Ukiona gari haisogei acha mara moja, kila sekunde unayozungusha tairi unajichimbia shimo la kukalisha chesesi. Lakini hapa Jimny inawashinda wakubwa wote, ina uzito wa kama kilo 1,060 tu, vijana wanne wa Kimasai wakiishika wanaitoa. Land Cruiser mkonga ikizama pale inahitaji trekta.

Mchangani na kwenye majivu dawa ni upepo. Shusha mpaka 18 psi hivi, tairi linalala, linakuwa na unyayo mrefu, gari inaelea. Mchanga mzito sana unaweza kwenda 15 ila kona zichukue polepole tairi lisije likatoka kwenye ringi. Ukirudi kwenye njia ngumu jaza. Ndo maana nasema pampu ya kuchomeka kwenye betri ni muhimu kuliko winchi. Na kule Natron msidanganyike na ule uwanda mweupe kando ya ziwa, juu ni ukoko wa magadi, chini ni tope, hata gari nyepesi kama hii inatoboa. Kaeni kwenye njia iliyokanyagwa. Hifadhini pia ni marufuku kuacha barabara.

Maji: tairi za 205/70R15 katikati yake ni kama sentimita 33 kutoka chini, huo ndo mpaka wangu. Yakizidi hapo nasubiri. Korongo linalotiririka maji ya kahawia wakati juu yako jua linawaka ujue mvua inapiga milimani, hapo hata usiingie kupima.

Tairi weka za A/T (za lami na porini) saizi ileile ya kiwandani, huna haja ya kuinua gari. Kamba iwe ile inayovutika, na shakeli mbili. Funga kwenye ndoano za chesesi, mbele na nyuma zipo, kamwe usifunge kwenye ile boli ya kuvutia trela, ikikatika inaruka kama risasi na inaua mtu.

Mapungufu yapo na lazima yasemwe. Usukani kutetemeka kwa nguvu ukifika kilomita 60 au 70 kwa saa ni ugonjwa unaojulikana wa hizi gari, balansi ya tairi ianze, halafu beringi za kingpini (pale tairi la mbele linapogeukia) na bushi. Mtu akikwambia funga tu dampa mpya ya usukani (kizuia mtetemo) anaficha ugonjwa. Kwenye lami ndefu inachosha, upepo wa basi unaisukuma, kupandisha mlima ukiwa na mizigo ni gia ya 3. Siti za nyuma ukizikalia watu, buti inabaki ya begi moja. Tangi ni lita 40, kwa hiyo ukienda Natron jaza Mto wa Mbu na ubebe dumu.

Mwenye familia ya watu watano asihangaike nayo, atafute Suzuki Escudo ya chesesi, zile za kabla ya 2005, au Prado kama mfuko unaruhusu. Ila mkiwa wawili, au uko peke yako na unataka kujifunza vizuri, JB43 ya gia za mkono yenye haabu zinazofunga, chukua.