Daftari la hospitali au la parokia?

Ukitaka kujua magonjwa ya mlipuko yaliwaathiri vipi watu wa Kigoma zamani, una madaftari mawili ya kuanzia.

La hospitali lina safu ya chanzo cha kifo. Kipindupindu hakichanganywi na malaria, na unaona vifo vikipanda wiki kwa wiki. Ila humo wamo waliofika tu. Aliyekata roho mtumbwini akitokea kijiji cha Kalya hayumo, na mara nyingi huyo ndiye fukara.

La parokia (Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Ujiji mwaka 1879) huandika jina, umri na kijiji. Chanzo? "Homa", basi. Hata hivyo mimi ningeanza na hili, kwa sababu ya hicho kijiji. London mwaka 1854, daktari John Snow alichukua anwani za waliokufa kwa kipindupindu akaulizia kila nyumba inapata maji kwa nani. Kampuni iliyovuta maji machafu ya mto Thames katikati ya jiji: vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Iliyovuta juu zaidi ya mto: 37. Kijidudu chenyewe hakuwa anakijua; kujua walikoishi kulimtosha.

Kanisa nalo lina tundu lake, tena kubwa. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara. Maiti huzikwa upesi, na padre hashiki kalamu. Hapo funga madaftari yote mawili, nenda msikitini ukawaulize wazee makaburi ya zamani yako wapi.